Kupona, Nafuu na Uhai: Historia ya Istilahi Tatu katika Tiba ya Saratani

Mtu aliyeugua homa akainuka kitandani amepona. Mtu aliyekuwa katika jahazi likazama, naye akafika ufukoni, pia amepona. Maana hizi mbili, kurudi katika afya na kuepukana na mauti, zimekaa pamoja ndani ya neno moja bila ugomvi, kwa kuwa katika maradhi mengi waliyoyajua wazee wetu, aliyeepukana na mauti ndiye huyo huyo aliyerudi katika afya. Saratani imezitenganisha. Mgonjwa wa saratani aweza kuwa hai miaka mitatu baada ya kutibiwa, analima, anaozesha binti yake, na bado daktari wake asithubutu kutamka kwamba amepona. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi utengano huo ulivyozuka katika historia ya tiba yenyewe, hasa katika kisa kimoja cha hapa Afrika Mashariki, na kwa nini mwenye kuunda istilahi hana budi kuutambua.

Kwanza neno moja kuhusu jina la ugonjwa. Mabishano ya kansa na saratani yamechukua wino mwingi kuliko yanavyostahili. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa wa baharini, na tabibu Galen akaeleza kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wa titi hufanana na miguu ya mnyama huyo. Walatini wakaitafsiri picha hiyo, na kwa njia ya Kiingereza ikatufikia sisi kama kansa. Waarabu nao waliitafsiri, Ibn Sina akaiandika katika kitabu chake cha tiba, na ikatufikia kama saratani, neno ambalo wanajimu wa pwani walikwisha kulijua kwa kuwa ni jina la mojawapo ya buruji kumi na mbili. Kwa hiyo kansa na saratani ni kaa yule yule aliyepita bandari mbili. Tanzania ilipounda kwa sheria Taasisi ya Saratani Ocean Road mwaka 1996, jambo hilo kwa matumizi rasmi lilikuwa limekwisha. Lililo gumu zaidi ni maneno ya kueleza kinachompata mgonjwa baada ya tiba.

Katika miaka ya 1920 na 1930, kamati ya wataalamu chini ya Ushirika wa Mataifa, ule wa Geneva uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, ilitaka kulinganisha matokeo ya tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi kutoka hospitali mbalimbali za Ulaya. Wakagundua kwamba hesabu hazilinganishiki. Hospitali moja iliwahesabu wagonjwa wote waliofika mlangoni, nyingine iliwahesabu wale tu iliyoona wanafaa kutibiwa, na kila moja ilikuwa na maoni yake kuhusu nani amepona. Ikakubaliwa kutumia kipimo kisichohitaji maoni: baada ya miaka mitano, ni wangapi walio hai? Miaka mitano haikuwa na siri yoyote ya kitabibu. Ilikuwa muda wa kutosha kwa saratani hiyo kuonyesha nia yake, na mfupi wa kutosha kwa daktari kuusubiri. Hata hivyo, tangu hapo watu wengi, na wengine ni waandishi wa magazeti, wamesoma kipimo hiki kana kwamba asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka wa sita ugonjwa hufutwa daftarini.

Sasa tuje Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa katika wodi ya watoto ya hospitali ya Mulago amwangalie mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Haukupita muda mrefu akamwona Jinja msichana mwenye uvimbe wa taya na vilevile uvimbe tumboni. Akapekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Wataalamu wa patholojia Gregory O'Conor na Jack Davies wakaonyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma, na kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto walizozipokea zilikuwa za aina hiyo. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu kiasi cha maili 10,000 wakipita hospitali hadi hospitali upande wa mashariki na kusini wa bara, ili kujua ugonjwa unaanzia wapi na kuishia wapi. Safari hiyo inajulikana sana. Mimi natazama jambo lisilosimuliwa mara nyingi, nalo ni tiba.

Kisu hakikufaa, kwa maana taya la mtoto haliwezi kukatwa pande zote nne. Mashine ya mionzi haikuwapo Kampala. Zilibaki dawa, ambazo wakati ule zilikuwa changa na chache, kama methotreksati na siklofosfamidi. Watoto wengine walipata dozi moja au mbili tu, ama kwa sababu dawa haikutosha, ama kwa sababu wazazi waliwarudisha nyumbani. Kwa desturi ya sasa tungesema hao wamekatiza tiba na hawana matumaini. Lakini baadhi yao walirudi miezi na miaka baadaye, nyuso zimenyooka, hawana uvimbe. Mwaka 1967 Burkitt aliandika makala juu ya watoto hao, na katika anwani yake hakutumia neno la kupona. Alitumia neno lenye maana ya nafuu iliyodumu.

Hadhari hiyo ilitokana na ufundi, si unyenyekevu. Nafuu ni kile ambacho daktari anaweza kukiona siku ya uchunguzi: uvimbe umeondoka, mgonjwa anakula. Kupona ni dai kuhusu siku zijazo. Na hapa limfoma ya Burkitt iliwafundisha wataalamu jambo kubwa. Seli zake huongezeka upesi mno, hata uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo, kama ugonjwa utarudi, hurudi mapema. Mtoto aliyekaa miaka miwili bila dalili anaweza kuambiwa amepona, na neno likasimama. Saratani ya titi haina tabia hiyo. Aweza mama kukaa miaka kumi na zaidi, kisha ikajitokeza katika mfupa. Miaka mitano ni mingi mno kwa mtoto yule, na ni michache mno kwa mama huyu. Hivyo hakuna tarehe moja ambayo neno kupona laweza kupachikwa kwa saratani zote, na kamusi itakayosema vinginevyo itawadanganya wasomaji wake.

Mwaka huo huo wa 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha tiba ya limfoma, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Ziegler, na hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mapema katika miaka ya 1970, Wamarekani walipoondoka chini ya utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, Mganda, alishika uongozi na kuendeleza kazi katika uhaba wa karibu kila kitu. Watumishi wa kituo walikuwa na kazi moja isiyoonekana ya kitabibu, yaani kwenda vijijini kuwatafuta watoto waliotibiwa. Kazi hiyo ndiyo iliyozipa hesabu zao uzito.

Ili kuelewa sababu, na tuchukue mfano wa kubuni. Watoto 10 wametibiwa. Baada ya mwaka mmoja, 3 wamekufa, 4 wameonekana wakiwa hai, na 3 hawana habari. Ukiwahesabu hao 3 kuwa hai, walio hai ni 7 katika 10. Ukiwahesabu kuwa wafu, ni 4 katika 10. Ukiwaondoa kabisa, ni 4 katika 7, yaani asilimia 57. Hospitali moja, watoto wale wale, majibu matatu. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa makala ya kwanza ya Burkitt, Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha Marekani njia ya kukokotoa ambayo humhesabu kila mgonjwa kwa muda wote aliojulikana kuwa hai, kisha humtoa katika hesabu bila kumtangaza mfu wala mzima. Njia hiyo hutumika duniani kote hadi leo. Lakini ina sharti: asiyejulikana alipo awe hana tofauti na wanaoonekana. Katika wodi zetu sharti hilo huvunjika kila siku, kwani aghalabu asiyerudi ni yule aliyekosa nauli, au aliyezidiwa, au aliyekwisha kuzikwa.

Ndiyo maana matokeo ya majaribio ya dawa hayafanani na matokeo ya tiba ya kila siku. Jaribio huchagua wagonjwa, huwalipia usafiri, huwafuata. Hospitali humpokea yeyote ajaye, naye mara nyingi amechelewa. Na chombo chenyewe chaweza kushindwa: mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda iliharibika kabisa, na nyingine ikazinduliwa mwaka 2018. Kwa waliougua katika kipindi hicho, asilimia zilizochapishwa ng'ambo kuhusu faida ya mionzi zilikuwa habari za nchi nyingine.

Kwa hiyo napendekeza maneno haya yatenganishwe katika maandishi rasmi. Nafuu ibaki kwa hali inayoonekana kwenye uchunguzi, ikiwa nafuu kamili au ya sehemu. Kupona litumike pale tu ambapo tabia ya saratani yenyewe inaruhusu dai hilo. Na kile kinachohesabiwa na wenye takwimu kiitwe uhai, kikifuatwa na muda wake: uhai wa mwaka mmoja, uhai wa miaka mitano. Wako wanaopenda kunusurika, na magazeti yamekwisha kuwaita wagonjwa hao manusura. Sina ugomvi na magazeti. Lakini kunusurika ni neno la ajali: basi limepinduka, umetoka, limekwisha. Mwenye saratani ya titi bado yumo ndani ya basi, nalo linakwenda.

Limebaki neno la wale 3 wa mfano wetu. Katika kumbukumbu za hospitali mgonjwa aliyekatiza tiba ya muda mrefu huitwa mtoro, jina tulilowapa watumwa waliokimbia na watoto wanaokwepa shule. Wengine huandika amepotea, na Kiswahili hakitofautishi aliyepotea njia na aliyepotoka. Maneno yote mawili humhukumu mtu ambaye mwandishi wa daftari hajui hata kama yu hai. Hajulikani alipo ni maneno mawili badala ya moja, nayo hayapendezi katika safu nyembamba ya rejista. Lakini ndiyo ya kweli, na yana faida moja ya kazi: karani akiyaandika, anayeyasoma hupata sababu ya kutuma mtu akaulize.