Mifupa ya Oldupai na Baba wa Freud

Msafiri atokaye Karatu, akapita lango la Ngorongoro na kuteremka magharibi kuelekea Serengeti, hufika bonde la Oldupai, lililoitwa hivyo kwa mkonge-pori uotao humo. Ndimo Mary Leakey mwaka 1959 alimovumbua fuvu la Zinjanthropus, ambalo, jambo la kupendeza, lilipewa jina la kale la pwani hii: Zinj. Lakini kabla yake, mwaka 1913, Mjerumani Hans Reck, mtaalamu wa miamba, alifukua humo mifupa ya mtu mzima. Kwa kuwa aliikuta ndani ya tabaka la pili kutoka chini, alitangaza kuwa mtu huyo ni wa kale sawa na tabaka lenyewe.

Mwaka uo huo, huko Vienna, Sigmund Freud alitoa kitabu chake Totem und Tabu. Naye alikuwa na maiti wake wa kale: baba dhalimu wa kundi la mwanzo la wanadamu, aliyewanyima wanawe wanawake, wakaungana, wakamuua, wakamla. Majuto yao, alidai, ndiyo yaliyozaa dini na sheria. Freud, aliyekuwa tabibu wa neva, alishikilia hadi mwaka 1938 kuwa elimu ya nafsi ni sayansi ya maumbile kama nyinginezo.

Wawili hawa wapimwe kwa mizani moja. Mifupa ya Reck ilibishaniwa miaka ishirini. Louis Leakey alimpinga. Kisha, baada ya kwenda naye bondeni mwaka 1931, akamuunga mkono. Ndipo udongo ulioizunguka mifupa ulipochunguzwa, ukakutwa na vijiwe vyekundu vya tabaka la tatu na vipande vya mawe ya chokaa kama vya tabaka la tano. Vitu vya juu vingefikaje chini, kama si kwa kuchimba? Mtu yule alizikwa. Mwaka 1933 Reck na Leakey, pamoja na wenzao, walikiri hivyo kwa maandishi.

Baba wa Freud hana kaburi. Alfred Kroeber wa Marekani alimkosoa mapema, mwaka 1920, na Freud hakuiacha hadithi yake hadi kufa. Karl Popper alisema nadharia isiyoweza kukanushwa na chochote si sayansi. Adolf Grünbaum, mwaka 1984, alimjibu kwa hoja iliyo ya haki zaidi: madai mengi ya Freud yanapimika, ila ushahidi wake ndio mbovu. Maneno ya mgonjwa yameshachanganyika na fikra alizotiliwa na daktari, na humo hamna kijiwe chekundu cha kuonyesha lipi ni la tabaka gani. Kwa hiyo, alisema Grünbaum, vipimo vifanywe nje ya chumba cha daktari.