Tasnifu ya Uzamili

Tasnifu ya uzamili ni andiko la kitaaluma ambalo mwanafunzi wa shahada ya pili huliandika kutokana na utafiti wake mwenyewe, akiongozwa na msimamizi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, tasnifu za fasihi na isimu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), iliyoundwa mwaka 2009.

Kazi huanza na pendekezo la utafiti, lenye tatizo, malengo, mapitio ya maandiko, nadharia na mbinu. Mwanafunzi huliwasilisha pendekezo kwenye semina, mbele ya wahadhiri na wanafunzi wenzake, na hapo ndipo mada pana mno hupunguzwa. Anayetaka kuchunguza methali za Kiswahili huulizwa: zipi, za wapi, kwa nadharia gani? Huenda akatoka na methali za kilimo za wilaya moja tu, na hiyo ni heri kwake. Maswali ya semina huuma, lakini ni nafuu kuliko ya mtahini, ambaye huisoma kazi data zikiwa zimekwisha kukusanywa.

Msimamizi hupitia rasimu sura kwa sura; si kazi yake kuandika wala kusahihisha kila mkato. Baada ya utahini, mwanafunzi hufanya masahihisho na kukabidhi nakala ya mwisho, ambayo huhifadhiwa maktabani.