UZI: Njia za kando ya mto Nairobi, na kwa nini huwa hazifiki popote

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aahidi kwamba tutatembea na kuendesha baiskeli kando ya mto Nairobi. Wa huku wanasema hiyo ni anasa ya wenye nazo. Wa kule wanasema bomoa kila kitu mita 30. Kabla hujachagua upande, hebu tupitie historia kidogo. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Jina lenyewe la mji ni la maji. "Enkare Nairobi" kwa Kimaasai ni maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, wajenzi walihitaji uwanda wa kuweka karakana na maji ya kutosha kabla ya kuanza kupanda nyanda za juu. Yaani mto ndio ulioleta mji. Halafu mji ukakua ukiupa mto mgongo.

3/ Mito mikubwa ya Nairobi ni mitatu: Mathare kaskazini, Nairobi katikati, Ngong kusini. Yote inatoka magharibi, ambako ni juu, inashuka mashariki, ambako ni chini. Maji yanaingia Athi, yanakuwa Galana, kisha Sabaki, mpaka Bahari Hindi karibu na Malindi. Shika hapo kwa "juu" na "chini", tutaparudia.

4/ Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi. Wahindi wakawa Ngara na Parklands. Waafrika wakasukumwa mashariki: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, baadaye mitaa kama Kaloleni. Mfanyakazi alitoka huko alfajiri kwa mguu, kipande shingoni, kwenda tao, reli au Industrial Area. Barabara nzuri ilikuwa ya gari la bwana. Njia ya mguu alijikanyagia mwenyewe.

5/ Huko juu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1907 ilianzishwa Arboretum, si kwa matembezi, bali kujaribu miti inayokua haraka ili reli ipate kuni. Leo ni kati ya sehemu tamu zaidi za kutembea Nairobi, na ndani yake kinapita kijito cha Kirichwa Kubwa, ambacho huingia mto Nairobi. Lakini ukifika kwenye ua, njia imeisha. Maji yanaendelea, wewe unarudi.

6/ Baada ya uhuru watu walikuja mjini kwa wingi na nyumba hazikutosha. Asiye na ardhi alikaa pale ambapo hakuna aliyetaka kukaa: bondeni. Mathare palikuwa machimbo ya mawe. Kibera ilizidi kushuka kuelekea maji ya Nairobi Dam, bwawa lililojengwa 1953, ambako zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga. Leo utaona magugu na taka. Uchafu wa juu na wa chini wote umekutana hapo.

7/ Wenye uwezo nao walijenga mtoni, ila kwa ukuta. Viwanda, fleti, gereji: mlango mbele, mto nyuma, na bomba linamwaga usiku. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "watu wa mabanda ndio walivamia mto", mwambie aende Westlands na Kilimani akahesabu kuta.

8/ Sasa kuna somo moja ambalo hatulisemi vya kutosha: Karura. Miaka ya 1990 msitu huo ulikatwakatwa viwanja kwenye makaratasi. Wanaharakati walipoenda kupanda miti Januari 1999 walipigwa. Msitu ukaokoka. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuingia, kwa sababu ya wahalifu.

9/ Kilichobadilisha Karura ni ua, askari wa msitu kutoka vijiji vya jirani, na njia. Njia za mguu na za baiskeli zikaletea watu, na watu wakaleta macho. Mahali penye watoto, mabibi na wakimbiaji kila asubuhi, si rahisi mtu aje na tingatinga akidai ni shamba lake. Njia ndiyo askari wa bei nafuu zaidi. Tatizo ni kwamba kuna kiingilio mlangoni, na mama wa Huruma anayewahi kazi hawezi kulipa kiingilio ili apite.

10/ Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema mito ni ardhi ya umma. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi katika ukingo kwa upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande, kuanzia pale mafuriko ya juu kabisa yalipowahi kufika. Kwa hivyo, kwa kanuni hizo, "mita 30 kila mahali" haikuwa lazima. Kijito kidogo si sawa na mto. Na utata huo huwafaa wawili: mnyakuzi na mbomoaji.

11/ Mwaka 2018 majengo makubwa ya kibiashara yaliangushwa kwa sababu yalikuwa kwenye ukingo. Watu walishangilia, hata mimi. Lakini kubomoa ni siku moja. Kama hakuna njia, miti wala mtu wa kutunza, ukingo unabaki kifusi, na kifusi hualika kibanda, kibanda hualika hati.

12/ Halafu ikaja mvua ya 2024. Nchini walikufa zaidi ya watu 200. Mathare maji yaliingia usiku watu wakiwa wamelala. Baada ya maji zikaja tingatinga, Mathare na Mukuru, na waliopoteza godoro kwa mto wakapoteza mabati kwa serikali. Wengi waliondoka bila kujua watalala wapi. Ukiuliza kwa nini mtaani neno "ukingo" linaogopwa, jibu ni hilo.

13/ Na bado watu hao hao wameonyesha njia. Korogocho, vijana walianza wenyewe kuzoa taka mtoni, wakapanda miti, wakageuza dampo kuwa bustani. Kibera wakazi wamejenga viwanja na vivuko pamoja na wabunifu. Karibu na Globe, ukingo uliokuwa umejaa magari na gereji ulifufuliwa 2020 ukawa bustani. Kila kimoja ni kizuri. Kila kimoja ni kisiwa.

14/ Hapo ndipo penye shida: viungo. Jaribu kutoka Arboretum hadi Gikomba ukifuata maji. Utakatwa na ua, kisha barabara kuu, kisha ukuta, kisha mlango wa mtu. Zaidi ya safari nne kati ya kumi Nairobi ni za mguu. Huyo anayetembea hataki bustani ya picha. Anataka apite chini ya daraja bila kuporwa, taa zikiwaka, bila kuvuka magari ya kasi.

15/ Si ndoto. Mabomba makuu ya maji taka hufuata mabonde kwa sababu maji hushuka. Yanahitaji nafasi wazi juu yake ili fundi afike. Nafasi hiyo hiyo inaweza kuwa njia ya mguu na baiskeli. Na sera ya kaunti ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Mradi wa kufufua mto uliozinduliwa 2025, takriban kilomita 27, nao umeahidi njia. Ahadi tunazo.

16/ Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu na picha ya mto wa buluu, muulize matano:
– Njia inaanzia wapi, inafika wapi, na inavukaje barabara kubwa?
– Ukingo umepimwa na nani, na kwa kipimo kipi?
– Wanaohamishwa wanaenda wapi, na lini, kabla au baada ya tingatinga?
– Kuta za huko juu pia zinaanguka?
– Ile asilimia 20 iko wapi?

17/ Zaidi ya miaka 100 mto huu umeshuka kutoka kwa wenye bustani hadi kwa wenye mafuriko. Njia moja isiyokatika, isiyo na kiingilio, ingekuwa mara ya kwanza kwa mtu wa chini kuufuata mto kwa mguu hadi juu bila kuulizwa anaenda wapi. Hiyo ndiyo hoja. Kama unaishi karibu na mto, tuambie hapo chini: kwenu njia inakatikia wapi?