Huduma za afya ya akili katika zahanati (Tanzania)

Ni utaratibu wa kuyatibu magonjwa ya akili katika zahanati na vituo vya afya, pamoja na malaria na shinikizo la damu, badala ya kuyaachia hospitali kubwa peke yake. Kwa miongo mingi jina Mirembe, hospitali iliyojengwa Dodoma enzi za Waingereza, lilibeba mzigo mkubwa. Kwa familia ya Ng'ambo, kata ya Manispaa ya Tabora, kufika huko kulimaanisha safari ya reli ya kati, mgonjwa akiwa katikati ya ndugu wawili, nauli ikitoka kwenye akiba ya mbegu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Tanzania ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro: kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya chini. Sheria ya Afya ya Akili ilitungwa mwaka 2008.

Kazi yenyewe huanza na maswali mepesi. Mama analalamikia kichwa na moyo kwenda mbio, muuguzi anauliza, "Usingizi unapata?" Hapo ndipo huzuni ya miezi hujitokeza. Mwenye kifafa, ambaye naye huhudumiwa hapa, huhitaji vidonge kila siku, na dawa zikiisha kabatini, mafunzo yote hayamsaidii. Wengi hupitia kwanza kwa mganga, na mhudumu mwenye busara hamkaripii mtu kwa hilo.

Huko Tabora, kesi nzito hupewa rufaa kwenda Kitete, hospitali ya mkoa.