Filamu moja, vikwazo vitano: Mchezo wa Lars von Trier ambao uhuru ulikuwa adhabu

Miaka ya 1960 mwongozaji wa Denmark, Jørgen Leth, alitengeneza filamu fupi ya picha nyeusi na nyeupe, The Perfect Human. Ni dakika 13 hivi tu. Mwanamume na mwanamke wako kwenye chumba kitupu, wanakula, wanacheza, huku sauti ikiwaeleza kana kwamba ni wanyama wa hifadhini.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, Lars von Trier, anayeihusudu mno filamu hiyo, alimtaka Leth airudie mara tano. Masharti anayapanga von Trier. Leth akakubali, mvutano wao ukarekodiwa, na mwaka 2003 ikatoka The Five Obstructions.

Von Trier si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1995 yeye na Thomas Vinterberg walitangaza Dogme 95, kanuni 10 za kujibana wenyewe: kamera ishikwe mkononi, taa za ziada marufuku, hata jina la mwongozaji lisiandikwe.

Sharti la kwanza lilikuwa kali. Leth aende Cuba, asijenge seti, na shoti yoyote isizidi fremu 12, yaani kama nusu sekunde. Ungedhani kazi imekufa hapo. Kumbe Leth alirudi na filamu yenye mdundo wake, na von Trier akabaki hana la kulalamikia.

La pili ndilo zito. Leth aende mahali anapopaona pa dhiki kuliko pote, ila asipaonyeshe. Akachagua mtaa wa makahaba Mumbai. Alivaa suti, akakaa mezani akala mlo wa kifahari. Nyuma yake aliweka kizuizi kinachopitisha mwanga, na wakazi, wakiwemo watoto, wanaonekana wakimtazama. Inaumiza kutazama. Hapa mchezo wa wanaume wawili umewagusa watu ambao hawakuwahi kuombwa wacheze.

Von Trier alikasirika, lakini kwa sababu nyingine: wale watu hawakupaswa kuonekana.

Adhabu? Rudi Mumbai, au tengeneza filamu bila sharti lolote. Leth hakuwa tayari kurudi, akaachiwa uhuru, na hakuufurahia hata kidogo. Mtu aliyezoea kujiwekea kanuni sasa hana pa kushika. Filamu hiyo, iliyopigwa Brussels, ni nadhifu, lakini haina joto la ile ya Cuba.

Ya nne ilikuwa katuni, kitu ambacho wote wawili hawakipendi. Leth akamfuata Bob Sabiston huko Marekani, fundi wa uhuishaji wa Waking Life, na kikwazo kikavukwa bila shida.

Ya tano, Leth hakutakiwa kufanya chochote. Von Trier aliiunganisha mwenyewe kutokana na picha za vikao vyao, akaandika barua kana kwamba Leth ndiye anayemwandikia yeye, kisha akampa Leth aisome kwa sauti yake. Jina la mwongozaji aliyeandikwa: Jørgen Leth.