Picha Zisizo na Majina

Zamani, mtu wa kwetu Ushetu aliyetaka kuiona Dar es Salaam ya enzi za Mdachi ilimpasa kuwa na rafiki Ulaya. Leo sivyo. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilitoa makumi ya maelfu ya picha zake za kale zionekane bure kwenye intaneti. Kati yake zimo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake, nami nimezitazama kwa siku nyingi.

Utaona, msomaji, mtaa mpana wenye miti pande zote mbili. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, Waingereza wakauita Acacia Avenue, nasi baada ya Uhuru tukauita Independence Avenue, kisha Samora. Sanamu ya Askari hutaiona, kwa kuwa ilisimamishwa mwaka 1927. Magari ni ya kutafuta. Watu wanatembea katikati ya barabara bila haraka, na vivuli vyao vimelala mchangani.

Mwalimu ana tabia ya kusoma maelezo yaliyo chini ya picha. Jengo lina jina lake na mtaa una jina lake. Mwafrika, mara nyingi, ana kazi yake tu: mpagazi, askari, mtumishi. Hapo ndipo niliposita, maana wapagazi wale wengi wao walikuwa watu wa huku bara. Kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ya kwenda na kutoka pwani ilipita vichwani na mabegani mwa watu, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko wengine. Vita ilipozuka mwaka 1914, pande zote mbili zilichukua watu kwa mamia ya maelfu wabebe risasi na chakula. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Kikosi kimepewa mtaa. Watu wake wengi hawakutajwa kwa majina.

Babu yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Alirudi na kovu begani. Jioni alitutajia wenzake aliotoka nao kijijini, mmoja baada ya mwingine, na waliorudi walikuwa wachache. Nyumbani kwetu hapakuwa na daftari wala kalamu. Nikimwona mpagazi katika picha hizo, siwezi kusema ni babu, wala siwezi kusema siye.

Hata hivyo, tusimlaumu Mdachi peke yake. Fungueni masanduku ya bati majumbani mwetu. Mna picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa Kahama, Shinyanga na Tabora: harusi, ubatizo, vijana wenye suruali za bwaga mbele ya duka. Mna miji iliyohamwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, ambayo leo ni mahame na mashamba. Geuza picha yoyote, nyuma ni peupe. Mama aliyewajua wote akifariki, wajukuu wanabaki na karatasi yenye sura za wageni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa yake ni rahisi. Chukua picha, kaa na mzee, anza na aliyesimama kushoto. Andika nyuma jina, mahali na mwaka. Tumia penseli, usikandamize, kwa sababu wino huvuja na kuiharibu sura upande wa pili. Usingoje mazishi, kwani msibani kila mtu anakumbuka na hakuna anayeandika.

Mimi ninayo picha ya darasa letu la chuo cha ualimu, ya mwaka 1973. Tumo thelathini na wanne. Nimekwisha kuandika majina ishirini na saba. Saba waliobaki, wa mstari wa nyuma, anawajua mwenzetu mmoja aliyeko Geita. Nasikia macho yake yamepungua nguvu. Alhamisi nitapanda basi nimfuate.