Chapo Ana Mimba, na Mwenye Deni Ni Mimi

Mathe ndiye aliona kwanza. Mimi nilikuwa najisifu venye Chapo amenenepa, ati ni lishe bora, mpaka siku moja mathe akainama kwa kreti, akaliangalia hilo tumbo vizuri, akauliza, "Hii panya yako imeshiba ama ina mimba?"

Kwanza, si panya. Wengi wetu Kenya tunamwita ginipigi, jina la uongo mara mbili, juu huyu mnyama hakutoka Guinea na wala hana undugu na nguruwe. Watanzania wanamwita simbilisi, na hilo ndilo nitatumia hapa. Pili, mathe alikuwa sahihi. Nilipomnunua Chapo na mwenzake Ndengu walikuwa na wiki tano ama sita, na muuzaji aliapa wote ni wasichana. Hakuwageuza kuangalia. Na mimi, mjanja wa mtaa, sikuwageuza. Ni kazi ya sekunde kumi tu: huko chini jike ana umbo la herufi Y, dume ana umbo la herufi i, mstari na nukta yake. Ndengu ana nukta.

Simbilisi jike anaweza kushika mimba akiwa na mwezi mmoja tu. Hajamaliza hata kukua. Kwa hivyo usiku huo nilishika simu nikitafuta jibu la swali moja, atapona ama hatapona, na kufika saa nane usiku nilikuwa nimezama kwa historia. Kwa sababu kila ushauri niliopata una mwaka wake, na nyuma ya huo mwaka kuna simbilisi waliokufa ndio mtu ajue.

Hii kitu haikuanza na wazungu wa maabara. Simbilisi alifugwa kwanza milima ya Andes, Peru na majirani zake, maelfu ya miaka iliyopita. Alikuwa nyama, na bado ni nyama huko. Kule Cusco kuna mchoro wa Marcos Zapata wa karne ya 18 ambao Yesu na wanafunzi wake wameketi kwa karamu ya mwisho, na wengi wanaamini kilicho kwa sahani ni simbilisi wa kuchoma. Lakini pia alikuwa kipimo cha hospitali. Mganga alimpitisha simbilisi juu ya mwili wa mgonjwa, kisha akampasua asome ugonjwa wa binadamu ndani ya matumbo ya mnyama. Shikilia hiyo picha, juu haibadiliki sana tukivuka bahari. Wahispania walipoingia karne ya 16, simbilisi akapelekwa Ulaya, na kufikia 1554 Conrad Gessner, msomi wa Uswisi, alikuwa ameshamwandika.

Huko Ulaya mwanzoni alikuwa mnyama wa kubebwa na watoto wa matajiri. Baadaye maabara zikamgundua: mpole, hang'ati ovyo, anazaana haraka. Robert Koch alipoonyesha mwaka wa 1882 kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria, simbilisi walikuwa kati ya wanyama aliowaambukiza. Dawa ya dondakoo iliyompa Emil von Behring Tuzo ya Nobel mwaka wa 1901 ilipitia kwao pia. Ndiyo maana leo mtu akihisi serikali ama kampuni inamjaribu, anasema "tumefanywa ginipigi". Tunasema tukiwa na hasira, na hasira ni ya haki. Ila sijawahi kusikia mtu akiulizia huyo ginipigi mwenyewe.

Sasa turudi kwa Chapo. Ushauri wa kwanza ulikuwa vitamini C. Simbilisi mzima anahitaji karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na akiwa na mimba inapanda hadi karibu 30. Hii tunaijua kwa bahati. Mwaka wa 1907 wanasayansi wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wanachunguza ugonjwa uliokuwa unawasumbua mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka pekee, na hao wanyama wakapata kiseyeye, fizi na mifupa ikaharibika. Wangetumia panya, wangekaa hapo hadi leo, juu panya anajitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, na wewe pia huwezi. Kwa hivyo Chapo alianza kupata vipande vya hoho kila asubuhi, nyasi kavu wakati wote, na mathe akipika sukuma anatenga jani. Usimwekee matone ya vitamini kwa maji ya kunywa, nguvu yake inaisha haraka.

Ushauri wa pili ulinifanya niweke simu chini kidogo. Mtu ambaye mnyama wake ana mimba asiyoitarajia hujiuliza: huyu mdogo hivi, mtoto atapitia wapi? Watoto wa simbilisi si kama wa panya, wale wa rangi ya waridi waliofumba macho. Mimba inachukua siku 59 hadi 72, na mtoto anatoka akiwa na manyoya, meno, macho wazi, na kesho yake anatafuna nyasi. Ni mzigo mkubwa mno kwa nyonga ndogo. Kinachomwokoa mama ni kwamba mifupa miwili ya mbele ya nyonga, ambayo imeshikwa pamoja kwa kano, inaachana siku za mwisho mpaka unasikia nafasi ya upana wa kidole. Yaani mfupa unafunguka kama mlango.

Mwaka wa 1926 mwanasayansi wa Marekani, Frederick Hisaw, alitaka kujua nani anafungua huo mlango. Akachukua seramu, yale maji yanayobaki damu ikiganda, kutoka kwa wanyama wenye mimba, akawadunga simbilisi majike ambao hawajawahi kubeba. Kano zao zikalegea. Hawakuwa na mtoto tumboni, lakini mwili ulikuwa umeambiwa uanze kujiandaa. Hiyo homoni ikaja kuitwa relaksini, na binadamu pia anayo. Mwanamke mjamzito ana relaksini kwa damu yake.

Na hapa ndipo nilipata pumzi. Nilikuwa nadhani udogo wa Chapo ndio hatari kuu. Kuwa mdogo ni shida kweli, juu mwili wake unagawana chakula kati ya kukua na kulea mimba. Lakini jike anayebeba mimba ya kwanza akiwa amepita miezi sita ama saba ako kwa hatari mbaya zaidi, kwa sababu ile sehemu huwa imeanza kukaza na inaweza kukataa kufunguka. Bila upasuaji, wengi hao hufa. Chapo, kwa hesabu yangu, angezaa akiwa na miezi mitatu na nusu. Uzembe wangu uliangukia mahali pazuri. Ningechelewa kugundua Ndengu ni nani kwa miezi minne mitano hivi, story ingekuwa nyingine.

Kuna Mgiriki mmoja lazima nimtaje, hata kama hakunisaidia na Chapo moja kwa moja. George Papanicolaou alifika Marekani mwaka wa 1913 na akapata kazi Cornell, New York. Alihitaji mayai ya simbilisi yakiwa katika hatua fulani, na njia ya kujua hatua ilikuwa ni kuwaua, wengi, na mara nyingi kukuta wakati umepita. Akachoka. Akachukua kifaa kidogo cha kuchungulia pua, akakitumia kuchota majimaji ya ukeni, akaangalia seli kwa darubini. Mwaka wa 1917 yeye na Charles Stockard wakatangaza kwamba seli hizo zinabadilika kwa mpangilio, mzunguko wa siku kama 16, na unaweza kuusoma bila kuua mtu. Kisha akahamia kwa wanawake, akianza na mkewe, na huko akaona seli za saratani. Kipimo cha Pap, kile cha saratani ya mlango wa kizazi ambacho wamama wetu wanaambiwa waende wafanyiwe, Pap ni yeye. Kilianzia kwa mnyama aina ya Chapo.

Mathe amewahi kufanyiwa hicho kipimo. Nilipomweleza hii story jikoni alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe." Siku hiyo jani la sukuma lilikuwa mawili.

Wiki mbili kabla ya kuzaa Chapo alipooza kidogo, akaacha kumaliza hoho yake. Jirani mmoja mwenye roho safi kabisa akaniambia nimpe robo ya kapsuli ya amoksilini, si tunayo kwa nyumba? Kila nyumba Nairobi iko na amoksilini iliyobaki. Wadau, msijaribu. Dawa za jamii ya penisilini zinaua bakteria wema wa tumbo la simbilisi, wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anaweza kufa kwa siku chache. Historia hapa inachekesha vibaya: Mei 1940, kule Oxford, kundi la Howard Florey lilijaribu penisilini kwa panya wanane wadogo. Wanne waliopewa walipona ule usiku, wanne wengine wakafa. Wangekuwa wamechagua simbilisi siku hiyo, pengine dawa iliyookoa mamilioni ingetupwa kama sumu.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo badala yake. Alikuwa mtu wa ng'ombe na mbwa na alikiri hivyo, lakini alijua la muhimu: simbilisi mwenye mimba asikae bila kula. Akiacha, mwili unaanza kuchoma mafuta yake, ini linazidiwa, na mama anaweza kwenda na watoto wote. Tulimlisha nyasi iliyosagwa na maji kwa sindano isiyo na ncha, kidogo kidogo, siku mbili, mpaka akarudi kupiga kelele akisikia mfuko wa karatasi.

Ndengu nilikuwa nimemhamishia kreti yake siku ile ile ya mathe. Si adhabu. Jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa, na huwezi kumfanyia hivyo mwili ambao umetoka kufungua mfupa. Tena hao wawili pengine ni ndugu. Sewall Wright, aliyeanza mwaka wa 1915 kusimamia simbilisi wa idara ya kilimo ya Marekani waliokuwa wanazalishwa ndugu kwa ndugu, aliandika venye koo hizo zilivyodhoofika kizazi baada ya kizazi.

Alizaa alfajiri ya Jumanne. Usiku huo nilikuwa nimeweka kidole pale chini ya tumbo nikasikia nafasi, kwa hivyo nililala sakafuni kando yake. Haikuchukua hata dakika arobaini. Wa kwanza alitoka, Chapo akararua utando kwa meno, akamlamba. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuja akiwa bado anamsafisha wa pili, akabaki ndani ya utando wake. Niliurarua kwa kitambaa safi, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena. Hakupumua. Alikuwa na manyoya yote, kucha zote, kila kitu.

Wale wawili wako sawa, jike na dume. Nimeulizwa mara nyingi kama nawauza. Yule dume nilimtenga alipofika wiki tatu, analala kwa baba yake sasa. Ukimtaka yule msichana kuja nyumbani, na utamgeuza mbele yangu uniambie ni nani kabla hujatoka naye.